Mchanga wa Mama Ndahani

Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta Afisa Mazingira wa Wilaya akinywa chai, miguu ameipandisha juu ya boksi la mafaili. "Kijana," aliniambia, "hatupo hapa kuzuia watu. Tupo kuweka masharti." Masharti ndiyo yanayoambatana na kibali: uchimbe wapi, kwa kina gani, ufukie vipi ukimaliza. Nilimwamini, maana bado nilikuwa na nguvu.

Nikaanzia Mlali, nikasumbuana na wachoma mkaa mpaka soli za viatu zikaisha. Kisha nikahamishiwa upande wa Haneti, wakati mji wa Dodoma unajengwa kwa kasi na kila mwenye lori anatafuta mchanga.

Ninyi mliosoma tathmini ya athari kwa mazingira darasani, hili huenda hamkufundishwa. Makorongo yetu yakikauka, maji hayaendi mbali. Yanakaa chini ya mchanga. Kina mama hufukua kishimo, wakakizungushia miiba ng'ombe wasikanyage, wakachota kwa kibuyu mpaka mvua zirudi. Ukichukua mchanga, umechukua na maji.

Mama Ndahani alikuwa na kishimo chake kwenye korongo moja la Haneti. Nilipomsalimia "Mbukwenyi" kwa Kigogo changu kibovu, alicheka, kisha akanishika mkono. "Mwanangu, hao wa malori wasivuke miiba yangu."

Nikaandika sharti kwenye kibali chao: wasikaribie vishimo vya maji, na kwingine wasichimbe kupita kina cha goti. Kibali kilipohuishwa, sharti langu halikuwemo. Nikapanda ngazi hadi kwa Mkuu wa Idara.

"Sisi tunatoa kibali cha mchanga," alisema. "Maji yana watu wake."

"Bosi, ni mchanga huohuo."

"Mradi una dedilaini, mzee. Usitucheleweshe."

Nikaenda kwa hao watu wa maji. Wakanijibu kwa upole kabisa kwamba wanalinda visima vilivyosajiliwa. Nani amewahi kusajili kishimo cha miiba? Nilitoka pale nimechoka kuliko siku zote za Mlali, na hasira nisijue niipeleke ofisi gani.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama naikumbuka kazi. Siikumbuki hata kidogo. Namkumbuka Mama Ndahani, siku nilipokwenda kumuaga. Malori yalikuwa yameshaondoka. Yeye alikuwa korongoni na jembe, amefukua mpaka kwenye mwamba, na mwamba ulikuwa mkavu.

"Wamemaliza?" aliuliza.

"Wamemaliza, mama. Kibali chao kimekwisha muda."

"Kimekwisha." Akaegemea jembe, akanitazama kama mtu anayengoja habari njema. "Basi waambie sasa warudishe mchanga."

Nikachukua madumu yake mawili, tukapanda barabarani kusubiri gari la kuuza maji.