Ua Lililolalia Kushoto

Bi Dympna Treanor alichuma uyoga kwa miaka ishirini na miwili katika mabanda ya giza nje ya kijiji chetu, kaunti ya Monaghan, na mpaka leo kidole gumba chake cha kulia ni kigumu kama ncha ya kiatu. Mumewe, Packie, aliendesha lori la maziwa mpaka mwaka aliofariki. Hawakujaliwa mtoto. Lakini ukimuuliza yeye ni nani, hatakutajia uyoga wala lori. Atakwambia, "Mimi ni mjukuu wa Rose Duffy," kana kwamba hakuna cha kuongeza.

Rose Duffy alikuwa na ua. Zamani, viazi vilipokuwa haba na watoto wengi, wanawake wa vilima hivi walilisha nyumba zao kwa kufuma kroshia. Kila nyumba ilikuwa na ua lake la kufuma, na mnunuzi wa mjini alilijua ua la kila nyumba. Jirani akijifunza ua lako, amekula sahani yako. Kwa hiyo mama alimfundisha binti yake mlango ukiwa umefungwa, na hodi ikipigwa, kazi iliingia chini ya mto wa kiti.

"Hata padri akija?" nilimuuliza siku moja.

"Padri ndiye hasa," alinijibu. "Padri ana dada watatu."

Nilianza kwenda kwake kila Jumatano, kuanzia mwezi wa Januari. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, nami nilikuwa nimepewa darasa la pili, ambalo watoto wake hupokea Komunyo ya Kwanza mwezi wa Mei. Nilikuwa na hamu kubwa ya kupendwa na wazazi. Katika kundi letu la simu niliwaahidi akina mama kwamba wasichana wote saba watavaa mapambo ya nywele nitakayoyafuma kwa mikono yangu mwenyewe. Wakati huo sikuwahi kushika sindano ya kroshia hata mara moja.

Bi Dympna alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, mkate wa magadi ukinukia nyuma yake.

"Umewaahidi mapambo?"

"Ndiyo, Bi Dympna."

"Na kufuma hujui."

"Ndiyo sababu nimekuja."

"Mungu wangu! Umealika watu harusini, sasa ndipo unatafuta mchumba." Akasogea kando nipite. "Ingia, Orlaith McEntee. Futa viatu."

Wiki tatu za kwanza nilifuma mnyororo peke yake. Unapiga kifundo cha kuanzia, unaukamata uzi kwa kulabu ya sindano, unauvuta kupitia kitanzi, kisha unaukamata tena. Kwa maneno ni jambo jepesi. Mnyororo wangu ulikuwa umekaza mno hata kulabu ilikataa kurudi katika matundu yake. Bi Dympna aliunyoosha kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa.

"Uzi haujakukosea kitu, mwanangu. Mbona unaunyonga?"

Katika wiki ya nne alinipa raba nyeusi ya nywele, ya kawaida, akanionyesha namna ya kuizungushia uzi, kitanzi baada ya kitanzi, mpaka raba yenyewe isionekane. Kisha unarudi duru ya pili ukiweka minyororo mitatu mitatu ili ukingo ufanye mawimbi. Raba yangu ya kwanza ilifanana na kiwavi aliyekanyagwa. Bi Dympna aliitundika kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, na kila alipopita aliiamkia: "Hujambo, Kiwavi." Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi. Sikuwa nimecheka hivyo tangu nianze kazi.

Kufikia katikati ya Machi nilikuwa na raba saba nyeupe, safi, zenye mawimbi yanayolingana. Alizipanga mezani akazitazama moja moja.

"Ndizo hizo," alisema. "Zifunge kwenye mikia ya nywele, watoto waende kanisani."

Ningeishia hapo, nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini wakati huo wote yeye alikuwa akifuma kola kwa uzi mwembamba, na katika kola hiyo lilikuwamo ua la Rose Duffy: petali tano ndogo, kila moja imemlalia jirani yake kama watu waliobanana kwenye benchi la kanisa. Nilikuwa nikiliona kwa vipande tu, kati ya vidole vyake, kwa maana kazi yake aliilaza kifudifudi mapajani. Raba zangu zikaanza kuonekana duni. Nilimwomba anifundishe.

"Bado."

"Lini, Bi Dympna?"

"Mkono ukilegea. Ua hili likifumwa na mkono uliokaza, linakuwa kifungo cha koti."

Nilimwomba tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Jibu lilikuwa lile lile.

Jumatano ya kwanza ya Aprili simu ya jikoni ililia. Alikuwa wifi yake wa mjini Drogheda, mwanamke ambaye hajui kukata simu. Bi Dympna aliiingiza kola chini ya mto wa kiti chake, akaenda, akavuta mlango. Nilisikia akisema, "Ehee... na mguu wenyewe ukavimba?" Nikajua nina muda.

Niliinua mto. Kola ilikuwa imelala, mgongo juu. Sikuthubutu kuigusa, niliogopa asiikute kama alivyoiacha. Niliipiga picha mbili kwa simu, nikaurudisha mto, nikaketi mikono imetulia mapajani kama mtoto anayesubiri kusifiwa.

Alirudi na sahani. "Nimekukawiza, mwanangu. Kula, nimeoka pai ya rubabu, yale mabua machachu ya bustanini."

Nilikula vipande viwili.

Likizo ya Pasaka niliitumia yote mezani nyumbani kwangu, picha mbele yangu, uzi mapajani. Nilifumua, nikafuma, nikafumua tena. Kufikia mwisho wa likizo nilikuwa na maua manane, saba ya vibanio vya wasichana na moja la akiba. Nilijiambia kwamba ua halina hatimiliki. Nilijiambia kwamba siku hizi hakuna mnunuzi wala njaa, kwa hiyo hakuna sahani ya mtu iliyoliwa. Nilijiambia mengi, tena kwa sarufi nzuri.

Jumamosi ya Komunyo kulikuwa na manyunyu. Wasichana walipita kati ya benchi wawili wawili, magauni meupe, maua meupe juu ya masikio. Bi Dympna alikuwa benchi la tatu. Huja kila mwaka, ingawa hana mtoto wa kumtazama. Nilimwona akifungua mkoba akatoa miwani. Alimtazama Clíona Keenan, wa kwanza. Akamtazama wa pili. Akawatazama wote saba, kisha akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Baadaye, katika ukumbi wa parokia, wakati wa chai na sandwichi, mama yake Clíona alinishika mkono. Majella Keenan ana sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili.

"Mwalimu! Haya maua! Umeyatoa wapi, jamani?"

Bi Dympna alikuwa nyuma yake hatua mbili, ameshika sahani. Nilimwona. Nataka ieleweke kwamba nilimwona kabla sijafungua kinywa.

"Nimeyabuni tu mwenyewe," nikasema.

Bi Dympna aliweka sahani mezani polepole. "Mazuri," alisema. "Mazuri kweli." Akatoka katika manyunyu, akausahau mwavuli wake kwenye ndoo ya mlangoni.

Niliuchukua ili nimpelekee. Ulikaa katika gari langu siku kumi na moja. Jumatano ya kwanza nilimtumia ujumbe kwamba nina mafua. Kila nilipokata kona, mwavuli ulibingiria kwenye kiti cha nyuma ukagonga mlango, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi. Darasani niliwafundisha watoto kuomba radhi wanaposukumana kwenye foleni, na nilipokuwa nikisema maneno hayo sikuweza kuwatazama.

Jumatano ya pili nilikwenda.

"Umekuja na mwavuli wangu," alisema mlangoni, "au umekuja na jambo?"

"Vyote viwili, Bi Dympna."

"Basi mwavuli weka pale. Jambo ingia nalo."

Nilimwambia yote: simu, mto, picha, likizo. Nilimwambia nilimwona pale ukumbini kabla sijasema uongo. Nilitoa lile ua la akiba nikaliweka mezani. Alilitazama, akaliacha, akaenda kuleta kola yake. Kwa mara ya kwanza aliilaza mbele yangu uso juu, akaweka ua langu kando yake.

"Tazama," alisema.

Nilitazama. Uzi wangu ulikuwa mnene zaidi, lakini petali zilikuwa tano, na vifundo vya katikati vilikuwa vile vile. "Yanafanana," nikasema kwa sauti ndogo.

"Mwalimu mzima! Tazama tena."

Ndipo nikaona. Petali za ua lake zilikuwa zimelalia kulia. Zangu zilikuwa zimelalia kushoto.

"Ulidhani tunalaza kazi kifudifudi kwa kuogopa vumbi?" aliuliza. "Bibi Rose alijua jicho la jirani halizuiliki. Kwa hiyo aliliachia mgongo. Anayeiba kwa macho anaiba mgongo, anakwenda kufuma anachokiona, na kwa kuwa mgongoni kulia hugeuka kushoto, ua lake linalalia kushoto. Akilipeleka sokoni, mnunuzi anajua, majirani wanajua. Hakuna haja ya kumkamata mtu. Amejikamata."

Nililigusa ua langu kwa kidole, petali moja baada ya nyingine.

"Wanawake wa umri wangu mle kanisani, kila mmoja aliona. Watatu walinifuata mpaka langoni kunipa pole. Kwamba nimeibiwa, tena na mtu ninayempikia." Aliligeuza ua langu kifudifudi. "Ningesema nini? Mkate ulikuwa wangu."

Alifungua droo, akatoa sindano ya kroshia yenye mpini wa mfupa uliogeuka rangi ya chai. Ilikuwa imefungwa karatasi, na juu ya karatasi liliandikwa jina langu. Hakunipa. Alinionyesha tu.

"Ya mama yangu. Kabla ya Komunyo niliamua iwe yako Jumatano ile uliyougua mafua."

"Lakini ulisema mkono wangu bado umekaza."

"Mkono wako ulilegea tangu Machi." Alifunga droo. "Nilikuwa nakuchelewesha tu. Ukishajua kila kitu, ungekuja kufanya nini huku?"

Afadhali angenipiga. Niliinamisha kichwa nikalia, naye akaniacha nilie bila kunisogezea hata leso. Nilipomaliza, alisema, "Sasa utakwenda nyumba kwa nyumba. Saba. Utawaambia ni ua la nani, na kwa nini linalalia huko. Si kwa simu. Kwa mdomo."

Nilikwenda. Nyumba nyingine walinipa chai, nyingine nilisimama kwenye mvua. Mama mmoja alisema yeye aliona siku ile ile, maana nyanya yake alikuwa mfumaji, akanifungia mlango kwa adabu. Majella Keenan alicheka.

"Mwalimu, ni ua tu, jamani!"

"Si ua tu kwa Bi Dympna," nikasema.

Clíona alikuwa nyuma ya mama yake, kibanio kichwani, gauni limekwisha kuvuliwa na badala yake amevaa jezi ya mpira. Aliweka mkono juu ya ua.

"Mimi sikuiba," alisema.

"La, Clíona. Wewe hukuiba. Ni mimi."

Alifikiri. "Utaadhibiwa?"

"Sijui bado," nikamwambia, na huo ulikuwa ukweli.

Bi Dympna hakunifukuza. Jumatano iliyofuata mlango ulifunguliwa, na mkate ulikuwepo. Lakini kiti changu kilikuwa kimehamishwa karibu na jiko, mahali ambapo nisingeweza kuiona mikono yake. Nilifuma raba za nywele: za bluu, za kijani, za njano. Alizikagua, akasema "nzuri" au "fumua." Kiwavi hakuwa tena kwenye kitasa, nami sikuwa na uso wa kuuliza alikokwenda. Juni yote ilipita hivyo, na Julai, shule zikiwa zimefungwa na watu wakivuna majani ya ng'ombe.

Katikati ya Agosti, Jumatano moja, aliinuka kwenda kuchemsha maji. Aliiacha kazi kwenye kiti chake. Haikuwa chini ya mto. Ilikuwa juu yake, na kwa pembe ya jicho nilitambua kwamba imelala uso juu.

Niligeuza kiti changu kikatazama ukuta. Ukutani palikuwa na kalenda ya duka la mbolea, nikaisoma. Nilizisoma siku za Agosti zote, nikazisoma za Julai zilizochapwa kwa maandishi madogo pembeni. Birika lilipiga mluzi, likanyamaza. Hakuja. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe mara nyingi kuliko sukari inavyohitaji. Shingo ikaanza kuniuma. Sikugeuka.

Hatimaye mlango ulifunguliwa.

"Unafanya nini na ukuta huo?"

"Sikutazama, Bi Dympna. Naapa. Uliisahau kazi yako juu, lakini mimi sikutazama."

Bi Dympna aliweka vikombe chini kwa nguvu hata chai ikamwagika.

"Robo saa!" alisema. "Robo saa nzima nimesimama jikoni, goti linaniuma, nimekoroga chai mpaka imepoa, nikikupa nafasi ulitazame ua kwa upande wake wa haki. Na wewe unasoma mbolea!"

Sikujua nicheke au niombe radhi tena. Nilikuwa nimeshika raba ya njano.

"Lete kiti huku," alisema, akifungua droo. "Na funga mlango kwanza."