Mfereji Niliouziba Nkoaranga

Kuna siku ambayo hata nikisahau jina langu lenyewe nitaikumbuka. Haihusiani na ninalotaka kukwambia, lakini nivumilie, mwanangu, maana mimi nikianzia katikati hupotea. Ni siku ile mjomba wangu Haji alipoingia msibani na viatu vipya.

Kwetu ni Unguja, upande wa kaskazini. Watu wamekaa nje juu ya mikeka, kimya, shehe anasoma, mara mjomba huyo anakuja. Viatu vya ngozi nyekundu, na kila hatua vinalia kwi, kwi, kwi, kama kifaranga aliyekanyagwa. Mtu mwingine angerudi au angevivua. Mjomba akazunguka mikeka yote kumpa mkono kila mtu. Kwi, pole sana. Kwi, pole sana. Akaanza kucheka mtoto mmoja, akafuata mzee mwenye kikohozi, mwishowe ndugu wa marehemu mwenyewe akajifunika kanzu usoni na mabega yanatikisika. Mjomba alirudi nyumbani kavibeba viatu mkononi.

Mwezi uliofuata mimi nilikuwa nasafiri kwenda bara. Akanipa vile viatu. "Makame," akasema, "vaa hivi. Watu wa huko wajue kuna mtu amefika."

Nami nikavivaa. Sasa hapo ndipo tunaingia.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Tulipanda treni Tanga mimi na rafiki yangu Faki, tukaja mpaka Arusha. Sisi tulikuwa mafundi wa birika. Kisiwani kwetu maji hukusanywa, yakawekwa kwenye birika la chokaa na udongo mwekundu, na birika likivuja fundi haonekani sokoni mwezi mzima kwa aibu. Faki alikuwa bora kuliko mimi. Akipiga lipu yeye, sisimizi anateleza. Alinifundisha mengi, na mdomo wake ulikuwa mkali, lakini safari nzima chakula chake kizuri alinimegea mimi.

Singasinga mmoja, mkandarasi, alituita tumpigie lipu maghala yake mjini. Asubuhi ya kwanza nilitoka nje kwenye baridi ya huku, nikafungua kinywa kupiga mwayo, moshi ukatoka. Nikakimbia ndani. "Faki! Naungua ndani!" Faki naye akafungua kinywa kunicheka, ukatoka wa kwake. Tulikaa kitandani tumefunga midomo mpaka mpishi wa Singasinga alipokuja kutuuliza kama tumegombana.

Kazi ya mjini ilipokwisha, tukapelekwa Nkoaranga, juu huko Meru, kumjengea Mzee Mbise birika la kuoshea kahawa. Nilipanda njia ile na viatu vya mjomba. Mvua ilikuwa imenyesha. Mwanangu, sikuingia kwa Mzee Mbise kama watu wanavyoingia. Niliteleza tangu juu kwenye uzio, nikapita kati ya migomba kwa makalio, nikaishia miguuni pake, yeye kakaa kwenye kigoda anakunywa uji.

"Shikamoo, mzee," nikasema nikiwa chini.

"Marahaba. Wageni wengine hubisha hodi," akasema, akanywa uji wake.

Nilipapenda. Sijui nikwambieje. Ukisimama pale ukatazama chini, unaona mbuga kavu, kahawia, imezunguka pande zote mpaka macho yanachoka, na wewe uko juu ya kijani, migomba, kahawa, maji yanasema usiku na mchana. Nikamwambia Faki, hiki ni kisiwa, tumetoka kisiwa tumeingia kisiwa. Faki akasema kisiwa gani hakina samaki. Ni kweli tulipewa ndizi kwa chakula, nikazimenya nizile kama tunda, mke wa Mzee Mbise akaninyang'anya akazirudisha chunguni huku anacheka mpaka akakaa chini. Tukapewa loshoro, mahindi na maziwa ya mgando. Faki alikula kwa macho yaliyofungwa. Mimi niliongeza.

Birika la kahawa lilipokwisha, nikamwomba Mzee Mbise mahali pa kukaa. Sikuwa na cha kurudia Unguja; mama alishafariki na nyumba ilikuwa ya kaka zangu. Mzee akafikiri kwa muda mrefu, kama walivyo watu wa huku. Akasema ana kipande cha shamba la migomba chini ya mfereji, lakini yeye peke yake hawezi kumpa mtu wa mbali. "Wenye mfereji tutakutana mvua zikianza. Nitakusemea. Mpaka siku hiyo, kaa tu, watu wakuone."

Kaa tu, watu wakuone. Angesema na mtu mwenye akili, angekaa. Mimi nilifikiri kuonekana ni lazima ufanye jambo.

Basi nikautazama ule mfereji. Umechimbwa na mababu zao, unatoka kwenye kijito huko juu, unashikilia ubavu wa mlima, na kila nyumba ina siku yake ya kufungulia maji shambani. Kazi nzuri, lakini palikuwa na mahali pamoja, kwenye kona juu ya nyumba ya bibi kizee mmoja, ukingo umejaa nyufa. Maji yanatoka vidole vitatu, vinne, mchana kutwa. Wameshindilia magome ya migomba pale kama watoto wanaocheza.

Faki alipoona akatema mate. "Hawa watu hawana fundi?"

"Wanao sasa," nikasema.

Tulikuwa na chokaa iliyobaki kwenye birika la kahawa. Siku tatu tulifanya kazi, wala hakuna aliyetuuliza kitu, wala sisi hatukumwuliza mtu. Tukachimba ukingo, tukapanga mawe, tukapiga lipu ya udongo mwekundu na chokaa, tukaisugua mpaka inang'aa. Tone halikutoka. Watu walipita, wakasimama, wakatazama. "Ahsante fundi," wanasema kwa sauti ya chini, wanaendelea. Niliona nimeshapewa shamba. Tena nilipita hapo jioni na viatu vyangu, kwi, kwi, ili wasimsahau aliyefanya.

Yule bibi kizee anaitwa Anasia, nao humwita Koko, ndiyo kusema bibi. Hana mume, hana mtoto aliye hai, mgongo umekunjika. Kila asubuhi sasa nilimwona anapanda njia na kibuyu, anarudi amekibeba kimejaa. Nikadhani ananyoosha miguu.

"Koko, shikamoo! Umeona ukuta wangu?"

"Marahaba, mjukuu. Nauona. Mkono wako ni mzuri sana," anasema, anahema, anapita.

Nilikuwa mjinga, mwanangu, na mjinga aliyesifiwa ni mzito kumwamsha.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Jumapili asubuhi. Watu wote wako kanisani, tumebaki mimi na Faki kwa kuwa sisi ni Waislamu. Mzee Mbise alikuwa na mjukuu anayepata kipaimara juma lile, na kwa ajili ya sherehe alikuwa na pipa zima la mbege, pombe ya ndizi, amelificha nyuma ya zizi mchungaji asilione. Maji yakajaa mfereji. Zamani yangepungua kwenye zile nyufa. Sasa yakakuta ukuta wa birika, yakapanda, yakatafuta pa kutokea, yakapata pa chini kidogo, juu kabisa ya zizi la Mzee Mbise.

Nilisikia ng'ombe analia. Tulipofika, pipa lile linaelea. Nakwambia linaelea, linazunguka taratibu kama bwana harusi, linaelekea korongoni. Nikalirukia. Faki akalirukia. Viatu vikateleza, pipa likapinduka, mbege ikatumwagikia kuanzia kofia mpaka ukucha. Beberu la Mzee Mbise likaja, likaanza kulamba kanzu ya Faki, Faki analipiga teke, beberu halisikii.

Na kengele ya kanisa ilikuwa imeshalia muda. Tuliinua macho, tukaona usharika mzima umesimama kwenye njia na nguo zao za Jumapili, mchungaji mbele. Waislamu wawili wa Unguja wamekumbatia pipa la pombe.

Mchungaji akamtazama Mzee Mbise. Mzee Mbise akatazama migomba. "Mchungaji," akasema, "hawa wageni wangu wana mila zao."

Kicheko cha siku ile nadhani kilisikika mpaka Engutoto huko mbali. Nami nikacheka, nikadhani yameishia hapo. Mzee Mbise hakuniambia neno juu ya pipa, wala zizi. Alinishika mkono, nanuka vile vile, akanipeleka mpaka chini ya kona niliyoziba, kwenye kibustani cha Koko Anasia. Magimbi yake yalikuwa yamelala chini. Majani makubwa kama masikio, yote manjano, yamejikunja. Mvua ya asubuhi moja haikuweza kuyasimamisha.

"Mwenye zamu ya maji ni yule anayeleta mtu kuchimba mfereji," Mzee akasema. "Koko hana mtu wa kuleta. Tukimpa zamu ya bure atakataa, namjua, ni mkali. Kwa hiyo pale juu huwa hatuzibi vizuri. Baba yangu hakuziba vizuri. Yeye anasema mfereji unavuja, sisi tunasema tutautengeneza kesho. Ni miaka sasa."

Nilitamani udongo unimeze na viatu vyangu.

"Mbona hamkuniambia, mzee?"

"Hukuuliza. Ulikuja chokaa umeshaikoroga." Akainua jani moja la gimbi, likalala tena. "Wenye mfereji wanakutana Jumatano. Sijui nitawaambia nini juu yako. Ungepatoboa kwa mkono wako mwenyewe, ningekuwa na la kusema."

Nikachukua tindo na nyundo. Faki alikataa, nitakwambia habari zake. Nilipiga peke yangu Jumatatu na Jumanne kutwa. Ukuta ule ulikuwa imara, mwanangu! Nililaani mkono wangu na mkono wa aliyenifundisha. Koko Anasia alileta kigoda chake, akakaa ananitazama, ananiongoza. "Kushoto kidogo. Hapo. Usitoboe sana, watasema unavuja." Jumanne alasiri vidole vitatu vya maji vikashuka kwake. Akavitazama, akasema kwa sauti wote wasikie, "Hawa watu hawana fundi!"

Jumatano nilipewa kipande changu. Ndipo ninapokaa mpaka leo, na wanangu wamezaliwa hapo, na viatu vya mjomba nilivivua siku ile ile. Huku watu hutembea wakijua wanapokanyaga.

Basi wewe unayejiandaa kuhamia kwa watu, iwe mjini, iwe Momela huko, iwe kisiwani kwetu, nisikilize. Ukifika, kaa. Kula wanachokula, hata ukifumba macho. Ukiona kitu kwao kimeharibika miaka mingi na hakuna anayekitengeneza, usidhani hawakioni. Uliza kwanza kinamlisha nani. Na ukikosea, maana utakosea, bomoa mwenyewe kwa mkono wako, usisubiri kubomolewa. Mungu akupe mahali pa kukaa, na majirani watakaokucheka usoni, na maji yasikukatikie kwako, wala kwa jirani yako kwa sababu yako. Amina.

Faki, ndiyo. Nilisema nitakwambia.

Nilipochukua tindo ile Jumatatu nilimpa yeye nyundo ya pili. Akaishika, akaupapasa ukuta kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. "Kazi yangu haivuji, Makame," akasema. Hakuwa na hasira. Akaiweka nyundo juu ya ukingo, akanawa mikono mferejini, akamwamkia Koko vizuri tu, akashika njia ya kushuka. Nilidhani anakwenda kukata mswaki. Koko alimwekea loshoro yake, akaifunika kwa jani la mgomba, ikakaa pale mpaka jioni.

Hakurudi tena.