Batterie Iliyokufa Ilinikamata Mukono

Ndugu zangu, mukiona haya maandishi inapanda na kushuka, mujue niliandika na mukono ya kushoto. Muchungaji aliniomba nisimame mbele ya kanisa niseme. Nilikataa. Mutu akisimama, batu banaangalia vidole, habasikie maneno. Donc musome tu. Na kama uko na ndugu anafanya kazi mu garage, umusomee.

Mimi ni Kasereka. Butembo yote inaniita Ingénieur, na masomo yangu iliishia mwaka ya ine ya primaire. Sina diplôme hata moja, na sijawahi kuitafuta. Nilianza na kuziba pneu za vélo ku soko ya Musienene. Nikapanda ku moto, zile pikipiki, nikapanda ku Fuso. Moteur ikishinda batu bote, wananiletea mimi. Nilijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, garage yenye mabati mupya, na batoto bangu bane bote bamesoma. Sijivune. Ni kweli, muulize.

Papa Katembo wa Beni, mwenye kuuza mbao, alinunua gari ya courant, ya umeme, ya mitumba, ikapita mupaka ya Kasindi. Haina carburant, haina kelele. Hata kuku mu barabara haziikimbie. Mwanzo ilikuwa inatoka Beni inafika Butembo. Kisha ikaanza kuishia Maboya, katikati ya njia. Siku moja Fuso ikaivuta na kamba paka mbele ya garage yangu.

"Ingénieur," Papa Katembo akasema, "batterie imekufa."

"Imekufa kabisa?"

"Kabisa. Hata taa haiwake."

Hapa ndipo ugonjwa yangu ilianzia, mu ile neno. Kwetu kila kitu inakufa. Radio inakufa, téléphone inakufa, pneu inakufa. Na kitu ya kufa tunaifungua bila woga, maana itafanya nini tena? Yeye alileta vipande vizuri vya batterie kutoka Kampala. Mimi nilipaswa kutoa vibaya, niweke vile. Nikamwambia: "Niachie siku tatu."

Bibi yangu, tunamuita Mama Mumbere juu ya mutoto wetu wa kwanza, anauzisha chai na mandazi pale ku mulango ya garage. Akakuja kuangalia.

"Papa Mumbere, hizi nyaya za orange, juu ya nini ziko na picha ya radi?"

"Ni ya kuogopesha wanawake."

"Basi imefanya kazi yake," akasema, akarudi ku chai yake.

Nilitoa masse, ile waya nyeusi, ya batterie kidogo ya mbele, sawa tunafanya ku gari zote. Kulikuwa na fiche moja kubwa ya orange, ya kuchomoa ili kukata courant ya batterie kubwa. Niliiacha. Nilishusha sanduku ya batterie kubwa, chini ya gari, peke yangu, na cric mbili za kuinulia na mbao. Ni nzito sawa ng'ombe. Nikafungua boulons, nikafunua. Ndani vipande vimepangwa sawa mikate.

Sasa, sisi bamekanika tunapima batterie na clé, spana tu. Unagusisha, unaona cheche kidogo, unajua kama iko hai. Kwa batterie ya Fuso nilifanya vile miaka yote, haijanipiga hata siku moja. Multimètre, chombo ya kupimia courant, nilikuwa nayo mu armoire. Niliona ni kitu ya batu ba shule. Nikaegemea na kiwiko ya kushoto ku upande moja, jasho ikinitoka, nikagusisha clé ku upande ingine.

Cheche haikutoka. Courant ilipita ndani yangu.

Mukono ya kuume ilifunga juu ya clé, ikakataa kufunguka. Meno yaligongana. Nilitaka kuita, sauti hakuna. Niliona miguu yangu inacheza, nikafikiri ni ya mutu mwingine. Mama Mumbere aliinua banc ya mbao ya kukalia wateja wake, akanipiga nayo ku mukono sawa anaua nyoka. Nikaanguka chali.

"Umenipiga," nikamwambia.

"Na nitarudilia."

Mu kiganja kulikuwa shimo, nyeupe, kavu, pembeni nyeusi. Ku kiwiko shimo ingine. Ndugu zangu, musikie vizuri: haikuuma. Hata kidogo. Batu wakakuja kusema: "Ingénieur, courant imekushindwa!" Nilicheka nao. Nikafunga kitambaa, nikabaki nyumbani nakunywa dawa ya mizizi.

Siku ya pili mukono ilivimba paka ikang'aa. Vidole ilikuwa baridi. Nilienda kukojoa nyuma ya nyumba, mukojo ikatoka nyeusi sawa kahawa. Mama Mumbere aliona ku majani.

"Ni ile dawa," nikasema.

"Panda moto."

"Mais haiumi."

"Papa Mumbere, panda moto, twende ku hôpital."

Ku hôpital docteur aliangalia mukojo kwanza, mbele ya kuangalia mukono. Akasema: "Papa, ngozi ni mulango tu. Courant ilipita mulango, ikapika nyama ndani ya nyumba. Sasa ile nyama inaziba figo." Waliniwekea sérum, maji ya mu mushipa, mbili kwa mara moja, wakanitia mu ambulance kunipeleka Beni, kwa docteur mwenye kupasua.

Tulipita Maboya. Niliona pale gari ilikuwa inaishia. Sikuogopa, sikulia. Mukono ilikuwa juu ya kifua yangu, na nilikuwa naiangalia sawa pièce ya gari ya mutu mwingine.

Beni, docteur alikuwa mwanamuke, mufupi, mwenye sauti ya chini. Alipasua mukono kutoka kifundo paka kiwiko, uvimbe ipate kutoka. Harufu ilikuwa ya nyama ya kuchoma. Kisha akakata vidole mbili, ile ya mwisho na jirani yake. Baada ya siku fulani akakuja na sindano.

"Funga macho. Unasikia hapa?"

"Ndiyo."

"Na hapa?"

"Ndiyo, nasikia muzuri."

"Fungua macho."

Sindano ilikuwa juu ya meza.

"Papa, sijakugusa."

Mama Mumbere alicheka paka akashika tumbo. Kisha nikaona analia. Mimi niliona machozi yake, ndani yangu hakuna kitu ilitikisika.

Docteur alikaa ku kitanda. "Ukinidanganya, nitaacha nyama ya kufa ndani nikifikiri ni nzima. Itaoza, na tutakata mukono yote, paka ku bega. Uamue."

Mimi, tangu Musienene, sijawahi kujibu mutu hapana. Ukiniuliza kama naweza, naweza. Nikafunga macho.

Hapana. Hapana. Hapana. Hapana. Kwa kila hapana alitia alama na bic ku ngozi.

"Docteur," nikauliza, "mukono imekufa?"

"Sijui. Nitapima tena kesho."

Alipima, akakata paka pale alama zilifika, hakupitisha. Mukono ikabaki. Mukojo ikarudi rangi yake. Nilikaa kule miezi, nakamua mupira ya vitambaa, vidole tatu zinakataa. Papa Katembo alikuwa analeta bugali na samaki. Siku moja alisimama pale, kofia mu mukono.

"Nilikuambia imekufa," akasema.

"Ulisema."

Nikakula. Samaki haikuwa na ladha.

Nilirudi Butembo. Gari iko bado nyuma ya garage, chini ya bâche, turubai, hakuna mwenye kuigusa. Kazi inaendelea, maana mimi bado naijua moteur na masikio tu. Mais mu garage yangu niliweka sheria: hapana sema "imekufa." Sema "hatujapima." Na kupima ni na multimètre. Ile gari, batterie kubwa ilishindwa kusukuma gari, mais kuua mutu ilikuwa inaweza bado. Hata ukitoa fiche ya orange, ndani ya sanduku courant ingali. Kama hukufundishwa, acha. Na kama courant imekupiga, usiseme haiumi. Ya kutouma ndiyo mubaya. Angalia mukojo, uende.

Namushukuru Mungu, na ule docteur, na batu ba kanisa walitoa damu yao niwekewe kule Beni. Namushukuru Mama Mumbere na banc yake. Wasingya, aksanti sana.

Kila siku ya Mungu, mbele ya kwenda ku kanisa, Mama Mumbere anachukua sindano yake ya kushonea, nafunga macho. Leo alianza na kidole ya katikati.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Hii ya kuonyesha?"

"Hapana."

Sindano ikafika ku gumba. Ikauma, nikaivuta kabla hajauliza.