Maneno Kumi kwa Siku

Mwaka ule nilikuwa nakariri maneno kumi ya Kiingereza kila siku. Nilifundisha shule ya msingi Namanyere, nikitafuta ufadhili wa shahada ya pili, na mtihani wake ulitaka Kiingereza kigumu, si kile cha darasa la tatu. Nikirudi nyumbani nimechoka, nasahihisha madaftari, namwogesha mama, ndipo nafungua kamusi. Ilikuwa kama kuteka maji kwa tenga.

Mama alikuwa akilalamika tumbo tangu masika. Baridi ya Juni ilipoingia nikampeleka hospitali Sumbawanga. Siku tatu tulikaa kwenye benchi tukisubiri vipimo, nami nanong'ona maneno yangu.

"Unasali?" aliniuliza kwa Kifipa. Kiswahili kilimpa taabu.

"Nasoma, mama."

"Ungesali."

Siku ya tatu daktari kijana alituita. Akatazama picha, akamgeukia mwenzake, wakaanza kuzungumza Kiingereza cha haraka. Nadhani kitenge changu na vumbi la safari viliwatosha kuamua kwamba sielewi. Nilielewa yote. Neno walilolirudia, la matibabu yasiyoponya bali kutuliza tu, nilikuwa nimelikariri wiki iliyotangulia na kujiwekea alama ya vema.

"Dada," daktari akaniambia, "mama tutampa dawa, akapumzike nyumbani."

Nikamuuliza kwa Kiingereza amebakiza muda gani.

Daktari akavuta kiti, akakaa karibu yangu. "Pole sana, dada. Miezi michache."

Mama akanishika mkono. "Wamesema nini?"

Nilitafuta pa kuanzia kwa Kifipa, lugha niliyonyonya nayo, nikakosa.

"Wamesema turudi nyumbani. Watatupa dawa ya maumivu."

"Maneno yote yale, ni hayo tu?" Aliuachia mkono wangu, akainuka. "Haya. Twende, maharage tumeyaacha juani."

Sikuwahi kumwambia. Wiki iliyofuata alianza kuwagawia dada zangu vitenge vyake, akimweleza kila mmoja alikokinunua chake. Alifariki kabla ya kupanda mahindi.

Mtihani nilikuwa nimeshaufanya, nikafaulu. Barua ya ufadhili ilipokuja niliisoma mara moja, nikaisukuma chini ya godoro, nikalala mchana kweupe na viatu miguuni.