Tumbo Hili ni Langu

Mtaani walimwita Mama Cherehani. Alikuwa mjane aliyelea wanawe kwa kushona nguo, na mdomo wake haukuwahi kukosa jibu.

Mwaka huo alilazwa kwa homa ya mapafu. Antibiotiki zilimponya kifua, zikamwachia kuhara kusikokoma. Akipewa dawa alipata nafuu kidogo, kisha kuhara kukarudi kwa kishindo. Alikonda hadi pete ya ndoa ikamvuka kidoleni.

Ndipo daktari mmoja, mtafiti wa bakteria wa tumboni, akaketi kando ya kitanda.

"Mama, zile dawa ziliua bakteria wanaokulinda, mbaya mmoja akatamalaki. Wazuri tunaweza kukupandikizia kutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye afya. Tunakichuja, tunakupitishia kwa mrija wa mpira hadi utumboni."

Mwanawe mkubwa, karani wa benki, aliruka kitini. "Mavi ya mtu ndani ya mama yangu? Haiwezekani! Watu watasemaje?"

"Wewe," mama akamkatiza, sauti imekauka lakini kali, "nepi zako alifua nani? Mikono hii hii ilifua, ikapika, ukala, ukanenepa. Leo ndiyo umejua kinyaa? Tumbo hili ni langu. Daktari, andaa."

Daktari akauliza nani atajitolea. Karani akatazama viatu vyake. Mkewe, ambaye miaka yote hakuiva chungu kimoja na mama mkwe, akasema, "Nipimeni mimi."

Wakampima damu na choo, akafaa.

"Mkwe," Mama Cherehani akamwambia siku ya matibabu, "umenipa mengi ya kunikera. Hili napokea."

Mkwe alicheka mpaka akafuta machozi.

Kuhara kukakoma. Nguvu zilirudi polepole, na cherehani ikaanza kulia tena. Mwanawe alimsihi aseme amepona kwa vidonge tu. Wapi! Kila mteja alisimuliwa, tena kwa sauti ya kufika barabarani. Bibi harusi mmoja alikunja kitambaa chake akaondoka.

"Nenda salama," Mama Cherehani akamwambia, "ila kitambaa hicho nishakikata kola, sijui fundi gani atakimalizia."

Karani alinuna, akawa haonekani kwenye duka la mama la ushonaji. Mashati yake mama aliendelea kuyashona, yakapelekwa na mkewe. Na daktari alipotafuta watu wa kutoa choo kwa utafiti wake, Mama Cherehani alisimama mlangoni, futi ya kupimia nguo shingoni, akiwaita majirani.

"Mwenye tumbo zima ajitokeze! Mnaona haya ya nini? Kwani nani hapa haendi chooni?"

Wengi walimcheka. Wachache walikwenda.