Jumanne Iliyokwama Dirisha la Kwanza

Pale zahanati walimjua Mama Pacha kwa mambo mawili: hakuwa msemaji, na hakuwa msahaulifu. Ukimwambia neno baya leo, hakujibu. Alivuta droo, akatoa daftari lenye jalada lililotafunwa pembe na wanawe, akaandika tarehe, saa, na neno lenyewe kama lilivyotoka mdomoni. Kisha akasukuma droo polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Alianza kazi pale akiwa msafishaji. Herufi za kibodi alizijua zilipo kwa kuzifuta vumbi kila asubuhi kwa miaka mitatu, na yule karani wa dirisha la kwanza alipohama, Mama Pacha mwenyewe alimwambia Daktari mkuu, "Nipime na mimi." Daktari alicheka kidogo, akampima, akaacha kucheka. Tangu hapo yeye ndiye aliyepokea wagonjwa: anauliza jina, anatafuta faili kwenye kompyuta, anawaelekeza chumba. Kiti kilikuwa na mgongo. Kubwa zaidi, saa kumi jioni alikuwa huru, na saa kumi na moja pacha wake wa miezi minane walikuwa wamemng'ang'ania kifuani, mmoja huku, mmoja kule.

Ndiyo maana kompyuta ile ilipoanza kusahau, alihisi mtu ameshika ncha ya kanga yake na anaivuta.

Ilikuwa hivi. Kila asubuhi akiweka paswedi, mashine ilimpokea kama mgeni. Maandishi aliyoyakuza jana kwa ajili ya macho yake yamerudi madogo kama sisimizi. Saa ya kwenye skrini imehamia kushoto. Programu ya wagonjwa, ambayo aliipanga ijifungue yenyewe, imelala. Na pale ilipokuwa picha ya pacha wake pamekaa ua jekundu asilolichagua. Basi robo saa nzima anapanga upya, na foleni inakua.

"Binti," mzee mmoja wa magongo alimwambia siku moja, "tumekuja kutibiwa au kukutazama ukipamba nyumba?"

Watu wakacheka. Mama Pacha naye akatabasamu, maana mzee hakuwa na ubaya.

Mwenye ubaya alikuwa Fundi. Zahanati ilimwita mara tatu, na mara zote tatu alikuja na mkoba wake mweusi na uso wa mtu aliyekatiziwa usingizi.

"Mashine hizi zinaendeshwa kwa Linux, si Windows, mama," alisema, sauti ikifika hadi mabenchi ya mwisho. "Hazisahau. Ukiona imesahau, mtazame aliyekaa mbele yake."

Akaingia kwa jina lake mwenyewe la fundi, akakuza maandishi, akatoka, akaingia tena. Maandishi yalikuwa makubwa vilevile.

"Umeona? Kwangu inakumbuka. Mkono uliozoea ndoo unabonyeza popote tu. Rudi kwenye ndoo, mama, utapumzika."

Sista wa chumba cha sindano aliinamisha kichwa kwa aibu. Mama Pacha alivuta droo, akaandika yote, ndoo ikiwemo. Chini yake akaongeza: Kwa jina lake inakumbuka. Kwa jina langu haikumbuki.

Alhamisi Daktari alimwita. Hakuwa mtu mkali. "Mama Pacha, kazi yako naipenda. Lakini Fundi ameniandikia kwamba tatizo ni mtumiaji. Foleni ikiwa hivi tena Jumatatu, nitakuhamishia kufulia, nijaribu mtu mwingine."

Kufulia kulikuwa na zamu za jioni. Pacha wangelala bila ziwa, wakililia mlango.

Siku hiyo, akinyonyesha, aliliweka daftari juu ya goti akalisoma kuanzia mwanzo. Hakuwa na haraka. Hasira yake haikuwa ya kuvunja vyombo. Ilikuwa ya kuchambua mchele, punje kwa punje. Na punje moja ikamnasa. Kila asubuhi aliandika mashine imesahau nini, na kila asubuhi ilikuwa yaleyale: ua jekundu, saa kushoto, herufi ndogo. Mtu aliyesahau, leo angesema hili, kesho lile. Hii haikubadilika. Ilikuwa imekwama kwenye siku moja.

Akarudisha kurasa nyuma kuitafuta siku ambayo ua jekundu lilionekana mara ya kwanza. Aliposoma alichoandika siku ile, alinyanyua uso, akamtazama mwanawe, akamwambia taratibu, "Tumempata, baba."

Ijumaa, wenzake walipotoka kula, alimpigia simu mama yake mdogo, mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari.

"Angalia kwanza kama diski imejaa," alisema mama mdogo. "Chini ya dirisha la mafaili wanaandika nafasi iliyobaki."

"Imebaki zaidi ya nusu."

"Basi si hiyo. Ukiwa hapohapo, bonyeza Ctrl pamoja na H. Zitatokea folda zilizojificha."

Zikatokea nyingi, kama panya walioachiwa jiko.

"Tafuta inayoanza na nukta, imeandikwa config. Humo ndimo mashine inapoandika unavyopenda wewe. Bonyeza kulia, fungua sifa zake, uniambie mmiliki ni nani."

"Root," alisoma Mama Pacha. "Hapa hatuna mfanyakazi wa jina hilo."

Mama mdogo alicheka hadi akakohoa. "Huyo ndiye mkuu wa mashine nzima, mwanangu. Fundi akifanya kazi kwa cheo hicho ndani ya jina lako, anachokigusa kinageuka mali ya mkuu. Wewe unaruhusiwa kusoma, kuandika huruhusiwi. Ukipanga mambo yako, mashine inayashika kichwani mpaka utoke. Ikitaka kuyaandika, inakuta kufuli."

"Kwa hiyo kila asubuhi inasoma aliyoyaacha yeye."

"Ndiyo. Alipomaliza alitakiwa kukurudishia umiliki. Hakurudisha. Ni mstari mmoja tu kurekebisha. Chukua kalamu nikutajie."

"Usinitajie, mama mdogo."

"Kwa nini tena?"

"Nataka aje aandike mwenyewe. Watu wakimtazama."

"Wewe," alisema mama mdogo, "umetoka kwa mama yako mzimamzima."

Jumamosi Mama Pacha alivumilia foleni ndefu kuliko zote, akanuniwa na wagonjwa, akasemwa. Alikuwa mtulivu kama maji ya mtungi. Kabla ya kutoka, alisimama kwenye mlango wa kufulia na simu yake, akapiga picha moja.

Jumatatu wafanyakazi walikusanyika mbele ya dirisha la kwanza kusikiliza matangazo, kama kawaida yao. Wagonjwa walikuwa tayari kwenye mabenchi, mzee wa magongo akiwa wa mbele. Fundi alikuwa ameitwa kwa ombi la Mama Pacha, akaja na mkoba wake.

"Fundi," alisema Daktari, "neno lako la mwisho kuhusu mashine hii?"

"Nimeshaandika, Daktari. Mtumiaji."

Mama Pacha alisimama, akakisogeza kiti. "Karibu ukae, Fundi."

"Nikae nifanye nini?"

"Unisomee. Mimi niliishia darasa la saba, kuna neno limenishinda."

Fundi alikaa akitabasamu. Mama Pacha alimwelekeza kidole kwa kidole: mafaili, Ctrl na H, config, sifa. Tabasamu likaanza kuyeyuka kabla hajaambiwa asome.

"Soma kwa sauti, Fundi. Daktari asikie."

"Mmiliki... root."

"Ndiye nani?"

"Msimamizi wa mashine."

"Paswedi yake anayo nani?"

"Mimi. Na nakala iko kwa Daktari, kwenye bahasha."

"Bahasha sijaifungua tangu uniletee," alisema Daktari.

"Sasa soma ilibadilishwa lini mara ya mwisho."

"Jumanne, tarehe kumi na nne. Kumi na dakika kumi na mbili."

"Yaani saa nne na dakika kumi na mbili, asubuhi." Mama Pacha alifungua daftari, akasoma bila kupandisha sauti. "Jumanne, tarehe kumi na nne. Saa nne na dakika tano, Fundi amekuja kukagua, ameniondoa kitini. Kasema, toka, usije ukagusa ukaharibu. Saa nne na robo ameondoka. Kasema, sasa iko safi. Kaacha picha ya ua jekundu."

Mzee wa magongo akasema kutoka benchi la mbele, "Kumbe aliyepamba nyumba ni huyu."

Kicheko kilizunguka chumba kizima na kurudi. Daktari hakucheka. "Rekebisha," alisema. "Halafu uniandikie barua nyingine."

Fundi alifungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika mstari mmoja. Haikufika hata dakika.

"Nikuzie na maandishi," alisema Mama Pacha. Akayakuza. "Rudisha saa yangu kulia." Akairudisha. "Programu ijifungue yenyewe." Akapanga. Ndipo Mama Pacha alipoiunganisha simu yake na kompyuta. "Na picha. Niwekee hii."

Fundi aliifungua. Ilikuwa ndoo ya bluu, na tambara limening'inia ukingoni.

"Hii?"

"Ndiyo hiyo uliyonituma niirudie."

Aliiweka. Mama Pacha akakaa kitini, akatoka, akaingia tena kwa jina lake. Maandishi makubwa, programu wazi, ndoo katikati. "Jina nani, babu?" alimuuliza mzee, na foleni ikaanza kutembea. Habari ya kufulia haikutajwa tena.

Mchana Fundi alirudi dirishani peke yake. "Samahani, Mama Pacha. Nilipitiwa."

Alimtazama, akavuta droo, akaandika tarehe, saa, na neno lenyewe. "Nimesikia," akasema, akaisukuma droo.

Hakusema zaidi, na hajasema mpaka leo. Kila mwezi Fundi huja kukagua mashine, na kila mwezi hana budi kukaa mbele ya ile ndoo. Picha za pacha, Mama Pacha anazo kwenye simu, na saa kumi na moja jioni anao wenyewe. Sista alimuuliza juzi kama si wakati wa kuibadilisha ile picha.

"Niibadilishe ya nini," alisema Mama Pacha, "na sasa inakumbuka vizuri."