Marahaba ya Mzee Antipasi

Mzee Antipasi wa Itigi masikio yake ni mabovu, lakini kiburi chake kizima kabisa. Amefuga nyuki maisha yake yote, na asali yake hakuna anayeitilia shaka. Hata hivyo ukimtaja sokoni, watu hawaanzi na asali. Wanaanza na siku ile mwanawe Isaka alipomleta nyumbani mchumba wake Amne, binti wa Kiislamu, bila kuomba ruhusa. Isaka aliinama mlangoni akasema, "Shikamoo baba." Mzee, Mkatoliki wa kupiga magoti kila alfajiri, alichukua kofia yake, akapita katikati yao, akaenda zake kwenye mizinga. Hakuitikia. Kwetu mzazi akikaa kimya namna hiyo, hana haja ya kuongeza neno. Amekwisha kukufukuza.

Vijana wakapanda treni, wakaoana huko Morogoro. Miaka ikapita. Mara nyingi mzee alitaka kumwita mwanawe, na kila mara aliahirisha, maana alitaka Isaka aanze.

Basi Isaka akaanza. Asubuhi moja Amne alimtumia ujumbe Sikudhani, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stesheni: Isaka amelazwa, mchana anapasuliwa moyo, na kabla hajaingia anataka kumwamkia baba yake. Sikudhani aliusoma kwa kupiga kelele kwenye sikio la mzee, katikati ya soko. Mzee akakaa juu ya ndoo ya asali.

"Twende," alisema.

Kwa simu ya mkononi asingesikia kitu. Lakini kompyuta ya mezani ya Sikudhani ilikuwa na hedifoni kubwa za kufunika masikio, zenye maiki mbele ya mdomo. Kamera haikuwa nayo.

"Ila mashine hii ina vituko, babu," Sikudhani alimwonya. "Miezi sasa maiki inakata, halafu inarudi yenyewe. Nikiizima kompyuta nikaiwasha, inapona."

Akaizima, akaiwasha. Akaangalia kwenye mipangilio kama imechagua maiki sahihi, akapandisha sauti, akamwambia mzee aseme lolote. "Haya," alisema mzee, na mstari wa kijani ukaruka kwenye kioo. Ilikuwa nzima. Wakapiga.

"Shikamoo baba."

Sauti ya Isaka ilikuwa dhaifu, lakini iliingia kichwani mwa mzee moja kwa moja. Duka lilikuwa limejaa wanafunzi wanaosubiri kopi, na mzee wa umri wake halii mbele ya watoto. Akainama hadi chini ya meza, akajifanya anafunga kamba za viatu, na huko chini akaitikia huku machozi yakimtoka.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana. Nisamehe."

"Baba? Shikamoo."

"Marahaba!"

"Upo, baba? Shikamoo."

"Marahaba, Isaka! Marahaba!" Alipiga kelele mpaka wanafunzi wote wakageuka.

Mzee alisikia pumzi za mwanawe, nzito. Kisha Isaka akasema polepole, "Haya baba. Nimeelewa." Simu ikakatika.

Sikudhani alirukia kompyuta. Mipangilio ilikuwa vilevile, lakini mstari wa kijani umelala kimya. Akazima, akawasha, bado. Ndipo akafuata waya kwa vidole. Hedifoni zile zilikuwa na pini mbili, moja ya kusikilizia na nyingine ya maiki. Mzee alipoinama aliuvuta waya, pini ya maiki ikachomoka kidogo kwenye tundu la mbele lililolegea, ile ya kusikilizia ikabaki. Ndiyo maana alisikia kila neno na yeye asisikike. Miezi yote ile ugonjwa wa mashine ulikuwa huo tu, tundu bovu. Sikudhani akahamishia pini zote nyuma ya kompyuta, kwenye matundu yaliyobana. Mstari ukaruka. Wakapiga tena na tena, hakuna aliyepokea.

Mzee alikataa kwenda kula. Alikaa pale na hedifoni kichwani, hataki hata kugeuza shingo, mpaka jioni Amne alipopiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Unanisikia?"

"Nakusikia vizuri. Isaka hakuamka, baba. Ametutoka."

Mzee hakujali tena nani anamwona. Alilia, na katika kulia akaeleza habari ya waya, ya pini, ya tundu lililolegea, jinsi alivyoitikia mara tatu, nne. Amne alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Sawa, baba," alisema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishana na mzazi.

Mzee akaelewa kwamba hakuaminiwa. Moyo ulimuuma kuliko alivyowahi kuumwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba anaweza kusikia shikamoo akanyamaza.

"Mleteni nyumbani," alisema. "Nimzike mwanangu hapa, karibu na mama yake."

"Hapana, baba. Walipokuwa wanamsukuma kumwingiza, alisema akifa tusimlete Itigi. Alisema hataki kukusumbua."